Kadi ilikataliwa mbele ya mama mkwe, sasa simwamini mume wangu

Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni muuguzi, nina umri wa miaka 38, nimeolewa na tuna watoto watatu. Mume wangu ni msimamizi wa mjengo na tangu mwaka jana yuko Busia kikazi. Huja nyumbani anapopata nafasi, mara nyingi wikendi baada ya vibarua kulipwa.

Mtoto wetu wa pili alipozaliwa tulifungua akaunti ya pamoja. Tulikubaliana kwamba pesa za humo ni za karo na mambo makubwa ya nyumba tu. Kila mwezi benki hukata shilingi 15,000 kwenye mshahara wangu na kuziingiza humo, naye huweka anapolipwa. Kila mmoja ana kadi yake. Yangu huwa siitumii, maana mambo ya kila siku nalipa kwa M-Pesa. Jumbe za benki huingia kwa simu yake, na sijawahi kuliona hilo kuwa tatizo.

Januari hii kifungua mimba wetu alikuwa anaingia Gredi ya 10 katika shule ya bweni upande wa Kakamega. Mama mkwe alitoka Siaya kuja kumuaga mjukuu, na Jumapili tukatoka pamoja kwenda kununua vitu. Sanduku, ndoo na kufuli tulipata Kibuye kwa bei nzuri. Godoro, blanketi, mashuka, viatu na vidogovidogo vingine tukavifuata supamaketi mjini. Jumla ilikuwa 18,640. Nikatoa kadi bila wasiwasi, kwa sababu Novemba nilikuwa nimeangalia salio kwenye ATM na kulikuwa na zaidi ya laki moja.

Mashine ikakataa. Keshia akajaribu tena, ikakataa. Akaitazama karatasi iliyotoka, akasema kwa sauti iliyosikika foleni nzima, "Mama, hakuna pesa." Nikashika simu. M-Pesa nilikuwa na elfu mbili na kitu, na Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, nilikuwa nimeimaliza. Kijana wangu akaanza kurudisha viatu kwenye rafu bila kuambiwa na mtu. Hapo ndipo mama mkwe alipofungua leso aliyojifunga kiunoni, akatoa noti zilizokunjwa, pesa alizopokea kwenye chama chao wiki hiyo, akahesabu taratibu mpaka zikatosha godoro, blanketi na vile viatu. Vingine tuliviacha pale kaunta. Hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Jioni nikampigia mume wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni mtandao huo. Nitaangalia." Akaingiza mazungumzo mengine. Jumatatu usiku alifika, asubuhi akampeleka mtoto shuleni, na kutoka huko akaenda zake Busia. Mambo ya kadi hatukuyagusa. Mtoto aliripoti vizuri.

Jumatano nilimtumia mama mkwe pesa zake kwa simu. Baada ya dakika chache alizirudisha zote, bila ujumbe wowote. Kisha wifi yangu akanipigia kuniuliza kama mambo ya nyumba yako sawa. Kwa hivyo najua wamesemezana.

Shangazi, silali. Nimekuwa nikijumlisha mambo: simu anayoilaza kifudifudi mezani, wikendi alizosema kazi imezidi, na ile kunyamaza kwake. Rafiki yangu kazini anasema wanaume wa mjengo wakikaa mpakani lazima wafungue nyumba ya pili, na kwamba niende benki nitoe kilichobaki chote kabla hakijaisha. Dada yangu anasema niende Busia bila kumwambia, nikajionee. Mimi mwenyewe nafikiria kusimamisha ile 15,000 na kufungua akaunti yangu kimya kimya. Karatasi ya mashine bado ninayo kwenye mkoba, imeandikwa 05. Kadi sijaijaribu tena kwa sababu naogopa nitakachokiona.

Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Kisumu

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu, pole sana. Kukataliwa kadi ukiwa peke yako ni usumbufu. Kukataliwa mbele ya mama mkwe, mtoto akitazama, ni jambo linaloingia ndani kabisa, na unajua jinsi heshima kati ya mke na mama mkwe inavyochukuliwa huku kwetu. Sishangai kwamba usingizi umekuhama.

Nikiielewa barua yako, unaniuliza kama mume wako anatumia pesa za watoto na mtu mwingine. Lakini kitu ambacho unaweza kuapa kwamba ulikiona kwa macho yako ni kimoja: mashine ilikataa kadi. Kutoka kwenye hiyo mashine hadi kwenye nyumba ya pili huko Busia pana safari ndefu, na umeitembea usiku, peke yako, ukisindikizwa na maneno ya rafiki ambaye kuhusu mume wako anajua tu yale uliyomwambia. Naomba turudi nyuma kidogo.

Tuanze na hiyo karatasi, kwa sababu nadhani imebeba uzito usio wake. Unapoingiza nambari ya siri, mashine ya dukani haioni salio lako. Hutuma ombi kwa benki ya duka, ombi likapita kwenye mtandao wa kadi, uwe Visa au Mastercard, mpaka likaifikia benki yako, na jibu likarudi kwa sekunde chache likiwa na tarakimu mbili. Salio lisipotosha, nambari yake ni 51. Kadi ikipita muda wake ni 54, nambari ya siri ikikosewa ni 55, kiasi kikizidi kikomo ulichowekewa ni 61, na benki yako isipopatikana ni 91. Wewe ulipata 05. Hiyo ina maana kwamba benki imekataa na haikutaja sababu. Keshia hakuwa na njia yoyote ya kuiona akaunti yako. Alisema alichozoea kusema, na wewe ukakibeba mpaka nyumbani kana kwamba ni taarifa kutoka benki.

Hata hivyo sitaki uishike 05 kuwa utetezi wa mume wako. Kuna benki zinazojibu hivyo kwa mambo mengi kwa pamoja, hata pesa zikiwa haba. Karatasi hiyo haimtetei wala haimshtaki.

Sasa tazama ulichoniandikia mwenyewe: kadi huwa huitumii. Mitambo ya benki ya kuzuia wizi hufuata mazoea ya mwenye kadi. Kadi iliyolala miezi mingi, halafu ghafla ikatumika Jumapili kwa ununuzi wa zaidi ya elfu kumi na nane, inaweza kuzuiwa hata kama akaunti imejaa. Nyingine hufungwa kwa sababu ya kukaa tu. Pia kuna wakati benki humtaka mwenye akaunti aje asasishe maelezo yake, na wito huo hutumwa kwa simu iliyosajiliwa. Simu hiyo ni ya mume wako. Unaona jinsi jambo dogo la siku ya kujaza fomu linavyoweza kukuweka gizani miaka yote hii bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya?

Kuna swali jingine nililolitafuta katika barua yako nikalikosa. Karo ya kijana ililipwa na nani, na ilitoka wapi? Akaunti ni ya karo, mwezi ni Januari, baba ndiye aliyempeleka, na mtoto aliripoti vizuri. Wadogo zake nao wanasoma. Laki moja uliyoiona Novemba ingeweza kupungua sana kwa njia halali kabisa, kwa kazi ile ile mliyoifungulia akaunti, na kosa pekee likawa kwamba hukuambiwa.

Na ikiwa pesa zimeondoka kwa njia nyingine, bado kuna mambo kadhaa ya kuwaza kabla ya mwanamke. Msimamizi wa mjengo, mwenye kazi akichelewa kulipa, hubaki yeye na vibarua wanaodai chao jioni. Wengi huwalipa kutoka mfukoni wakitumaini kurudisha, au hukopa. Mwanamume aliyegusa pesa za karo kwa sababu hiyo hunyamaza kwenye simu vilevile, na husema ni mtandao vilevile. Aibu na hatia ukizisikia kwa simu zinafanana sana.

Sisemi kwamba unaota. Huenda unachokihofia kipo. Siwezi kukuhakikishia vinginevyo, na mtu yeyote anayekuhakikishia upande wowote akiwa mbali hakutendei haki. Ile "nitaangalia" ambayo hadi leo haijaleta jibu inanisumbua hata mimi. Umeaibishwa mbele ya mama yake mzazi, naye amekuja akalala na akaondoka bila kukuuliza ulivyojisikia. Hilo ni la kuulizwa hata kama akaunti itakutwa na kila senti yake.

Kuhusu benki, wewe si mgeni katika akaunti hiyo. Ni yako sawa na yake. Unaweza kuingia tawini na kitambulisho, ukaomba taarifa ya akaunti tangu Novemba, ukauliza kwa nini kadi ilikataliwa siku ile, na ukaomba nambari yako ya simu iingizwe ili nawe upate jumbe. Uliza pia kama ile 18,640 ilizuiliwa au kukatwa, kwa sababu hutokea malipo yakakataliwa dukani na pesa zikashikiliwa siku kadhaa kabla ya kurudi. Haya yote hayahitaji ruhusa ya mumeo.

Ninachokuachia upime ni kama utamwambia kabla ya kwenda. Ukienda kwanza, utaongea naye ukiwa na jambo la hakika mkononi, si dhana. Lakini utaisoma taarifa hiyo ukiwa peke yako, na kwa hali uliyo nayo sasa, kila pesa iliyotolewa kwenye ATM ya Busia itaonekana kama nyumba ya pili, hata ikiwa ni mishahara ya vibarua. Naye anaweza kuhisi kwamba umemchunguza. Ukimwambia kwanza, kwa mfano, "Alhamisi nitaenda benki kuulizia kadi na kuchukua taarifa, kuna kitu ungependa kuniambia kabla sijaenda?", unampa mlango wa kusema ukweli mwenyewe. Hatari yake ni kwamba anaweza kuutumia muda huo kutunga hadithi, ingawa taarifa ya benki haitungiki. Moyo wangu unaegemea huku kwa pili, ila wewe ndiye unayemjua. Kama ni mtu wa kukasirika akibanwa na unahofia usalama wako, nenda benki kwanza, na siku ya kuongea kuwe na mtu mnayemheshimu karibu.

Kutoa pesa zote, kama rafiki yako anavyosema, kunawezekana. Kwa kuwa kila mmoja ana kadi yake, huenda akaunti yenu ni ile ambayo saini ya mmoja inatosha, na hapo yeyote anaweza kuimaliza. Lakini fikiria kinachofuata. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 huchukulia kwamba mali iliyo kwa majina ya wanandoa wote wawili ni ya nusu kwa nusu, mpaka mmoja athibitishe vinginevyo. Ukiikausha akaunti, siku ya kikao wewe ndiye utakayeulizwa pesa za karo ziko wapi, na yale uliyotaka kuyauliza hayatapata nafasi. Ikiwa taarifa itaonyesha kwamba pesa zinavuja kweli, unaweza kuomba mbadilishe masharti ili kila pesa inayotoka ihitaji saini za wote wawili. Hilo humhitaji na yeye akubali. Kuiandikia benki kwamba mna mgogoro ni hatua nzito zaidi. Mara nyingi benki huizuia akaunti hadi mwelewane, na karo nayo hubaki imefungiwa humo.

Kwenda Busia bila taarifa ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi. Utapanda gari Kisumu, upite Maseno, upite Ugunja, saa zote hizo ukijichochea. Ukimkuta na kofia ya kazi kichwani katikati ya vibarua, utamwambia umefuata nini? Na ukikuta kile unachokihofia, utakuwa jioni katika mji usio wako, bila ndugu wala pa kulala, ukiwa na uchungu ambao mtu hapaswi kuubeba peke yake njiani. Namwelewa dada yako, anakupenda na amekasirika kwa ajili yako. Lakini hakuna swali ambalo Busia italijibu na ambalo tawi la benki hapo mjini na mazungumzo mezani kwako haviwezi kuanza kulijibu.

Sasa mama mkwe. Nimelirudia mara nyingi hilo la pesa kurudishwa bila ujumbe. Umelisoma kama kofi. Huenda ni hivyo. Lakini fikiria bibi aliyetoka Siaya kuja kumuaga mjukuu wake wa kwanza anayekwenda bweni. Alilipa godoro ambalo mtoto wa mwanawe atalilalia. Kisha Jumatano simu ikalia, pesa zikaingia kana kwamba alikuwa amekopesha. Mkwe mwingine angezipokea na akafurahi. Mwingine angeumia kwamba zawadi yake imegeuzwa deni, na kwa kuwa si mtu wa kuandika jumbe, akazirudisha tu. Kunyamaza kwake njia nzima kunaweza pia kuwa alikuwa anakusitiri mbele ya kijana. Sijui ni lipi. Njia ya kujua ni kumpigia, usikie sauti yake, umshukuru kwa godoro na viatu, basi. Huhitaji kumweleza mambo ya akaunti wala kumshtaki mwanawe kwake. Shauri likipelekwa kwa mama kabla halijaongelewa na mume hurudi na wajomba na baba wadogo, na baada ya hapo si lenu tena wawili. Wifi naye, akiuliza tena, mjibu kwamba kadi ilileta shida na unaifuatilia. Hutakuwa umedanganya.

Kuna mtu mmoja uliyemtaja kwa kupita tu baada ya aya ile ya dukani, naye ndiye ninayemfikiria zaidi. Kijana wako alirudisha viatu kwenye rafu bila kuambiwa. Mtoto wa umri huo anaelewa kila kitu na hasemi kitu. Yuko bweni sasa, shule mpya, na huenda anaamini kwamba kwenda kwake shule kumewafilisi wazazi. Siku ya kumtembelea, au hata kwa simu ya mwalimu, mwambie kwamba kadi ilikataliwa, kwamba hilo hutokea kwa sababu nyingi na unalifuatilia, na kwamba kulipa ni kazi yenu, yake ni kusoma. Mshukuru kwa alivyokuhurumia siku ile. Ukiniuliza ni lipi kati ya yote haya halihitaji kusubiri benki wala mume, ni hili.

Kuhusu kufungua akaunti yako mwenyewe, sioni ubaya wa mwanamke anayefanya kazi kuwa na akiba yake. Wapo wanandoa wengi wenye akaunti tatu, yake, yako na ya nyumba, na wanaishi kwa amani. Kinacholeta shida ni ile "kimya kimya" uliyoiandika, kwa sababu unachomlaumu mumeo sasa hivi ni hicho hicho, kwamba mambo ya pesa yanafanyika usipoona.

Na ile 15,000 ya kila mwezi: agizo la benki husimamishwa kabla ya siku ya kukatwa na linaweza kurejeshwa baadaye, kwa hivyo kati ya yote unayoyafikiria, hilo ni jepesi kulitengua. Huna haja ya kuamua leo usiku. Subiri taarifa ya akaunti ifike mkononi. Ukiona ni lazima ulisimamishe, mwambie baba watoto kabla mwisho wa mwezi haujafika, na muongee karo ya muhula wa pili itatoka wapi.